Fungu 4471 na Kidole cha Cuca Amavizca

Jumatatu moja mwanzoni mwa Januari, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Cuca Amavizca alitundika mfuko wake wa chakula kwenye msumari wa saba, akanawa mikono hadi viwikoni, akavaa kofia ya nailoni na koti jeupe, kisha akavaa glavu. Glavu ya mkono wa kushoto ilikuwa imekatwa ncha kwenye kidole cha shahada. Kiwanda kiliagiza glavu za namna hiyo boksi moja kila mwezi, kwa ajili yake peke yake.

Ncha ya kidole hicho ilikuwa mfupa mtupu. Miaka tisa nyuma, kerezo la zamani, mashine ya kukatia chuma, lilikula nyama na ukucha, likabakisha mfupa mweupe wa ukubwa wa punje ya harage. Daktari wa bima alingoja nyama iote, haikuota. Alingoja mfupa uoze, haukuoza. Mwishowe aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana kidole, akamruhusu arudi kazini.

Kazi ilikuwa ya mizizi ya meno. Kiwanda cha Raíz Firme, katika eneo la viwanda la Mexicali, Mexico, kilichukua fito za titani na kuzikereza kuwa skrubu fupi ambazo urefu wake haufiki upana wa ukucha wa kidole gumba. Skrubu hizo zilipelekwa Algodones, mji mdogo ulio mpakani ambako ukirusha jiwe litampiga daktari wa meno, na huko zilifungwa kwenye mataya ya wazee wa Marekani na Kanada. Juu ya kila skrubu liliwekwa jino, na mzee akarudi kwao akitafuna.

Titani imechaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu ina adabu. Chuma kingine kikiingia mwilini, mwili hukizungushia ukuta kama mgeni asiyeaminika, au hukisukuma nje. Titani haizungushiwi ukuta. Haishiki kutu kwenye mate, haivutwi na sumaku, ni nyepesi, na kubwa zaidi, inajivika. Ukiikata, kabla hujapepesa jicho imekwisha kujifunika ngozi nyembamba isiyoonekana, na ni ngozi hiyo, wala si chuma chenyewe, inayosalimiana na mfupa. Mfupa nao hujibu salamu. Huisogelea pole pole, hujaza kila bonde la skrubu, na baada ya miezi mitatu huwezi tena kusema taya linaishia wapi.

Kwa mfupa wa Cuca haikuchukua miezi mitatu. Juma lile aliporudi kutoka hospitali alipangusa skrubu moja mezani, ikashika. Msimamizi, Evaristo, alikuja akaitazama ikining'inia kidoleni, akauliza kama inauma. Haikuuma. Akamletea nyingine iliyokuwa na kasoro, ikaanguka. Wakajaribu mia moja. Njema zilishika, mbovu zilianguka, na kidole hakikukosea hata mara moja. Mwezi uliofuata kiliandikwa kwenye kitabu cha taratibu kama Jaribio la Kumi na Mbili, baada ya jaribio la maji ya chumvi na kabla ya kufungasha.

Kulikuwa na kanuni kwamba skrubu isiguswe kwa mkono, kwa kuwa mafuta ya ngozi ya binadamu huiharibu na mfupa hauitambui tena. Lakini mfupa hauna mafuta ya ngozi, hivyo kanuni haikuvunjwa. Kila baada ya miaka miwili alikuja mkaguzi kutoka Ujerumani, mtu mrefu mwenye kalamu nne mfukoni. Safari ya kwanza alikitazama kidole, akauliza, "Kinahakikiwa lini?" Wakamwambia kila Januari. Akaweka alama ya vema. Tangu hapo kila Januari Cuca alipelekwa maabara, kidole kikapimwa kwa nyuzijoto na kwa mikroni, akabandikwa kibandiko cha kijani kwenye kifundo cha mkono, chenye tarehe ya kuisha.

Kuitoa skrubu kidoleni kulihitaji subira. Aliizungusha kinyume cha saa, taratibu, mpaka iachie kama kupe aliyeshiba. Siku moja alisahau akaenda nayo arusini kwa binamu yake, akacheza hadi asubuhi, na Jumatatu ikabidi fundi wa mashine amfungue kwa spana.

Jumatatu hii alifungua trei ya kwanza. Karatasi ilisema Fungu 4471. Aliweka kidole juu ya skrubu ya kwanza, akainua. Skrubu ikabaki kwenye trei. Akaijaribu tena, ikapanda nusu inchi, ikaanguka. Ting! Ya pili, ting! Ya tatu. Alipofika ya thelathini, Nereida Güereña, binti wa kerezo namba nne, aliinua kichwa.

"Mama Cuca, unapiga muziki?"

"Njoo uone."

Nereida alikuja akifuta mikono. Skrubu zilikuwa nzuri kwa macho. Uzito ule ule, rangi ile ile ya kijivu tulivu, meno yake makali bila mkwaruzo chini ya hadubini.

"Nilijua," Nereida alisema kwa sauti ya chini. "Fito za siku zote zikikatwa hulia kama nyuki. Hizi za Ijumaa zimelia kama paka anayeogeshwa. Na mabanzi yake yanatoka na rangi ya bluu, kama nilikuwa nachoma na si kukata. Nikamwambia Evaristo. Akaniambia nivae vizibo vya masikio."

"Ukavaa?"

"Nikavaa. Nina watoto wawili."

Cuca alichukua kalamu, na kwenye mstari wa Jaribio la Kumi na Mbili akaandika neno moja: Hapana. Kisha akatia sahihi jina lake lote, Refugio Amavizca Cota, maana Cuca ni la kufupisha tu, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa darasa la tatu, bila kuruka herufi.

Saa nne aliitwa ofisini.

Injinia Baltazar Ledón hakuwa mtu mbaya. Alikumbuka siku za kuzaliwa za wafanyakazi na aliweka kiyoyozi kwenye bwalo kwa fedha alizozipigania. Huko Mexicali, mtu aliyekupa kiyoyozi mwezi wa Julai si rahisi kumsahau. Alifunga mlango.

"Keti, Bi Cuca."

"Nimeketi tangu alfajiri, injinia. Nitasimama."

"Kidole nacho huchoka. Miaka tisa si mchezo."

"Lete skrubu ya mwaka jana tukiulize."

Ikaletwa. Ikashika kabla haijafika kidoleni. Iliruka upana wa unywele ikamkumbatia. Injinia alishusha pumzi.

"Haya, kidole kizima. Basi tuseme ni suala la mtazamo."

"Mtazamo wa nani? Mfupa hauna macho."

"Karatasi ya fito hizi inasema titani safi, daraja la nne. Ina mhuri. Ina sahihi tatu."

"Karatasi haina taya, injinia. Fito zimetoka wapi?"

Ledón alitazama dirishani. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma likilia. "Zetu zimekwama forodhani, wiki ya tano sasa. Hizi tumezipata kwa bwana mmoja anayetengeneza bolti za baiskeli za mashindano. Titani ni titani."

"Na karatasi?"

"Karatasi ni ya fito zetu." Alisema haraka, kama mtu anayemeza kidonge. "Wazee wa theluji, wale wanaokimbia baridi ya kwao, wamefika, Bi Cuca. Wako Algodones, wamelala kwenye viti, midomo wazi. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie wafunge midomo kwanza."

Hakucheka. Alifungua droo akatoa bahasha yenye utepe mwekundu, na Cuca akaitambua. Desemba iliyopita, kama kila Desemba, kiwanda kiliwapeleka wafanyakazi kwenye mkahawa wa Kichina, kwa sababu mtu wa Mexicali akitaka kuliheshimu tumbo lake hula Kichina. Baada ya wali wa kukaanga ilichezwa bahati nasibu: mashine za kusagia, televisheni moja, baiskeli, na zawadi kuu, jino, lililoandikwa ndani ya bahasha hiyo. Katika watu mia na arobaini waliotengeneza mizizi ya meno, hakukuwa na hata mmoja aliyekuwa nao mdomoni; mzizi mmoja ukishafika Algodones haushikiki kwa mshahara wa aliyeukereza. Namba ya Cuca ilitoka. Alipanda jukwaani akiwa amefunika mdomo kwa mkono, kama alivyofunika kila alipocheka kwa miaka kumi na moja, tangu meno yake mawili ya mbele ya juu yalipomtoka. Watu walipiga makofi hadi supu ikamwagika.

"Nilikuwa nimekupangia Machi," injinia alisema. "Na nimefikiri, kwa nini jino moja? Pengo lako ni la mawili. Mtu acheke sawasawa."

"Mizizi itatoka fungu gani?"

Injinia akaweka bahasha sawa na ukingo wa meza.

"Fungu gani, injinia?"

"Fungu lililopo."

Cuca alicheka, mkono mdomoni. "Kwa hiyo unanihonga kwa skrubu ninayoikataa, ili niikubali, halafu uje unitie mdomoni hiyo hiyo. Hata mwizi, injinia, humtupia mbwa wa mlangoni nyama nzuri."

"Ni sahihi tu."

"Ni sahihi yangu. Hapa kiwandani glavu ni zenu, koti ni lenu, hata kibandiko ni chenu. Jina nilikuja nalo."

Akatoka, akarudi mezani, na trei kumi na tisa zilizobaki akaziandikia Hapana, Hapana, Hapana, kila moja baada ya kuipima, kwa kuwa hakutaka mtu aseme aliandika kwa hasira.

Jumatano kitabu cha taratibu kilirekebishwa. Jaribio la Kumi na Mbili lilibaki, lakini neno "kidole" lilifutwa, likawekwa "mfupa". Siku hiyo hiyo katibu wa injinia alirudi kutoka chakula cha mchana na mfupa wa paja la kuku, kutoka mkahawa ule ule wa bahati nasibu. Ulichemshwa, ukasafishwa kwa dawa, ukapelekwa maabara, ukarudi na kibandiko cha kijani. Uliwekwa kwenye kabati la kioo. Evaristo alichukua skrubu ya Fungu 4471, akaifunga kwenye mfupa ule kwa spana, akaivuta. Ilishika. Alijaribu tano, kumi, zote zilishika. Kuku alilipitisha fungu zima kabla ya saa tisa, na Evaristo akatia sahihi kwa niaba yake.

"Umeona?" Evaristo alimwambia Cuca. Hakumtazama usoni. "Mfupa umeshika."

"Na ukiupigilia msumari wa jeneza utashika. Ukiufunga bawaba ya mlango utashika. Kuku huyo ameliwa, Evaristo! Aliyekufa hana cha kukataa. Tulipima kwa mfupa hai kwa sababu mfupa hai ndio wenye hapana."

"Mimi nimeambiwa uvutwe, nimeuvuta."

"Basi uombe radhi kwa kuku. Umemsingizia."

Nereida alicheka kwa nguvu hadi kerezo lake likakwaruza, akakatwa mshahara wa nusu siku.

Cuca hakufukuzwa. Kumfukuza kulihitaji sababu ya kuandikwa, na sababu haikuandikika. Alipewa kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki cheupe, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, na kazi yake ilikuwa kukikalia kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tisa na nusu, mbele ya kila mtu, bila kushika chochote. Watu wengine waliopewa kiti hicho waliandika barua ya kuacha kazi ndani ya siku nne. Cuca alikuja kila siku, akanawa mikono hadi viwikoni, akavaa koti, akavaa glavu iliyokatwa ncha, akakaa. Siku ya tano alileta mto wa kukalia. Siku ya tisa watu walianza kuja kunywa maji mara nyingi kuliko kiu yao, wakipita wanamgusa bega.

Skrubu za Fungu 4471 zilianza kurudi wiki ya kwanza ya Machi.

Ya kwanza iliingia kupitia mlango wa bohari, saa sita mchana, wakati wa chakula. Ilikuwa inabingirika kwa ubavu, polepole, ikipinda kidogo kushoto kama skrubu zote zinavyopinda zikibingirika. Ilipita chini ya meza za kufungasha, ikakwepa ndoo ya deki, ikafika kwenye kiti cheupe, ikasimama kwenye kiatu cha Cuca. Ilikuwa na vumbi la barabarani. Cuca aliiokota kwa kibanio, akaiwekea kidole. Ting! Akaiweka kwenye kikombe cha karatasi.

Nyuma ya skrubu aliingia mzee mmoja, mrefu, kofia mkononi. Aliitwa Orville Haugen, mkulima wa ngano wa Saskatchewan, Kanada, aliyestaafu. Mlinzi wa getini alimruhusu kwa sababu alisema yuko na skrubu. Nereida, aliyesoma miaka mitatu ng'ambo ya mpaka, Calexico, aliacha chapati yake ya tortilla akaja kutafsiri.

"Anauliza kama hii ni yako, Mama Cuca."

"Mwambie mimi niliikataa. Amekuja na nini?"

"Na gari lake. Anasema ilimtoka Jumapili akila tosti. Ikaruka sahani, ikashuka ngazi za nyumba yake ya magurudumu, ikashika barabara. Akaifuata kwa mwendo wa kutembea, taa za hatari zikiwaka. Jua likizama inapumzika kando ya barabara, naye analala garini. Siku ya pili ilikatiza shamba la alfalfa, majani ya kulisha ng'ombe, ikabidi azunguke."

"Mashamba ya alfalfa yana matope sasa," Cuca alisema. "Mpe maji."

Mzee akanywa. Alikuwa na mashavu yaliyobonyea na macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Alisema kitu kirefu, bila kupaza sauti.

"Anasema ng'ombe hununuliwa mdomo ukiwa umefunguliwa," Nereida alitafsiri. "Kwao mtu akikuuzia ng'ombe mgonjwa, wanamfuata hadi jikoni kwake. Anauliza jiko liko wapi. Nani alisema ndiyo?"

Cuca alisimama, akamwongoza hadi kwenye kabati la kioo. Mzee alivaa miwani. Aliutazama mfupa wa paja la kuku, akakisoma kibandiko cha kijani, akahesabu matundu.

"Anauliza ni kuku?"

"Mwambie ni kuku."

"Anasema mkewe alifuga kuku miaka arobaini na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ukweli."

Injinia Ledón alifika akikaza tai. Aliomba radhi kwa Kiingereza kizuri, akaagiza kahawa, akamkabidhi mzee kichupa cha kioo chenye skrubu mpya kabisa, bure, na barua ya kwenda kliniki. Mzee alikipokea. Kisha, badala ya kukitia mfukoni, akamgeukia mwanamke wa kiti cheupe, akamnyooshea kichupa.

Hakuna aliyetafsiri. Cuca alikivunja kifuniko, akaimwaga skrubu kiganjani penye glavu, akainua kidole cha mfupa, akakigusisha. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa chakula cha mchana, na bwalo zima lilisikia ilivyoanguka.

"Hapana," Cuca alisema.

Neno hilo mzee alilielewa. Aliiokota skrubu, akaiweka mezani mbele ya injinia, akaonyesha pengo lake kwa kidole, kisha kwa heshima akaonyesha mkono wa Cuca, ambao ulikuwa umefunika mdomo. Alisema maneno machache, akavaa kofia, akaondoka.

"Kasemaje?" Cuca aliuliza.

Nereida aliutazama mkono ule mdomoni. "Kasema: wewe unaficha nini? Lako ni pengo la mtu mkweli."

Kuanzia wiki hiyo zilirudi kila siku. Zilikuja kwa barabara ya Algodones, zikipitia Ciudad Morelos, moja moja na baadaye kwa safu, na zile zilizokuwa zimeshavuka mpaka zilirudi kupitia Calexico, zikipanga foleni ya waendao kwa miguu kama watu. Manispaa iliweka bango la njano lenye picha ya skrubu na neno Tahadhari. Madereva wa malori walilizoea, wakapunguza mwendo. Hakuna aliyejua kwa hakika kwa nini zilimwendea Cuca na si Evaristo wala fundi wa bolti za baiskeli. Nereida alisema ni kwa sababu kati ya wote waliozishika, ni yeye tu aliyezitazama.

Nyuma ya skrubu walikuja wenyewe. Mwalimu mstaafu wa Oregon, mjane wa Alberta, ndugu wawili waliokuwa wametolewa meno siku moja. Wengine walileta vichupa vipya ambavyo havijafunguliwa, wapimiwe kabla. Walisimama mstari kando ya mtungi wa maji. Injinia aliona haifai, akaamuru kiti kihamishwe nje ya geti. Cuca alikibeba mwenyewe, na mto wake, akakaa kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi, na mstari ukahamia huko. Kadi yake ya kazi aliendelea kuigonga asubuhi na mchana, na mshahara uliendelea kuingia, kwa kuwa mfumo ulimtambua kama mtu aliyeketi mahali alipopangiwa.

Mambo mengine hayakubadilika. Kila siku saa tisa Evaristo alitoka na ufagio na kizoleo, akazikusanya skrubu zilizolala kuzunguka kiti, akazipeleka ndani. Zilioshwa kwa asidi, zikachomwa kwa mionzi, zikatiwa kwenye vichupa vipya vyenye namba mpya. Fungu 4471 likawa 4498, na 4498 likawa 4530. Mfupa wa kuku ulipitisha yote. Fito za zamani zilitoka forodhani hatimaye, lakini ofisi ya juu ilikuwa imeshapiga hesabu yake: kwa nini ukereze skrubu mpya wakati za zamani zinarudi zenyewe, tena kwa miguu? Mwezi wa Mei kiwanda kilipata ngao ya shaba kwa kutotupa taka, ikatundikwa juu ya kabati la kioo.

Mwezi wa Juni, kwenye joto la nyuzi arobaini na nane, Injinia Ledón alitoka hadi getini. Alikuwa amevimba shavu la kulia na alishika bahasha yenye utepe mwekundu.

"Rudi ndani, Bi Cuca. Kuna kiyoyozi. Kitabu kitarekebishwa tena. Kidole na kuku, vyote viwili. Kuku atapima, wewe utatia sahihi."

"Shavu lina nini?"

"Si kitu."

"Limevimba hivyo, si kitu?"

Injinia alitazama chini. "Nilikuwa na gego bovu. Aprili nikaweka mzizi. Kliniki walinipa kichupa, sikuuliza namba." Akagusa shavu. "Mzizi unacheza."

"Fungua mdomo."

Alifungua. Mtu wa getini na watu sita wa mstarini walitazama kando kwa heshima. Cuca alinyoosha kidole cha mfupa, akagusa kichwa cha skrubu kule nyuma. Skrubu ikatoka yenyewe kwa mizunguko mitatu, ikaanguka lamini. Ting!

"Hapana," Cuca alisema.

Injinia alifuta mdomo kwa leso. Damu kidogo. Aliitazama skrubu, akamtazama Cuca, na kwa muda ilionekana kama atasema jambo ambalo watu mia na arobaini walikuwa wanalingoja. Simu yake ililia. Aliisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo bwana, Ijumaa, zitakuwa tayari. Akaacha bahasha kwenye mapaja ya Cuca akarudi ndani, mkono shavuni.

Ndani ya bahasha mlikuwa na vichupa viwili. Cuca alipima vyote. Kisha akaandika juu ya bahasha jina lake lote, bila kuruka herufi, na chini yake neno lake, akaisukuma chini ya geti.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi wa Ujerumani. Alikaa ndani saa mbili. Walimwonyesha kitabu, kabati la kioo, ngao. Aliuliza mfupa unahakikiwa lini, wakamwambia kila Januari, akaweka alama ya vema. Akitoka alipita kwenye kiti cheupe, akamtambua mwanamke, akasimama. Aliinama kusoma kibandiko cha kijani kwenye kifundo cha mkono wake, na uso wake ukaingia wasiwasi wa kweli. Nereida alikuwa getini akimletea Cuca maji ya barafu.

"Anasema hiki ni cha mwaka jana, Mama Cuca. Muda wake uliisha Januari. Anasema kidole hiki hakiruhusiwi kutumika tena."

Cuca alikibandua kibandiko. Kilikuwa kimekauka, kikatoka kizima. Alimshika mkaguzi mkono, akakibandika kwenye ukucha wa kidole chake cha shahada, akakibonyeza kishike.

"Mwambie basi aanze yeye. Nafasi iko wazi."

Na hapo ndipo alipocheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kibanio, wa kushoto umeshika kidole cha mkaguzi, na hakuachia chochote ili afunike mdomo. Pengo lake lilikuwa wazi, jeusi, pana kama mlango wa bohari, na mstari mzima wa watu wenye mapengo ukacheka naye, ukipiga miguu lamini. Mkaguzi alisubiri wamalize, akaandika kitu kwenye karatasi, akaingia kwenye gari. Kwa mbali alionekana akijaribu kubandua kibandiko.

Saa tisa Evaristo alitoka na ufagio na kizoleo. Cuca aliinua miguu ili apite. Barabarani, upande wa Algodones, lori lilipunguza mwendo, na safu mpya ikaanza kuingia, ikipinda kidogo kushoto. Ya mbele ilifika kwenye kiatu chake ikasimama. Aliiokota, akaifuta vumbi kama mtu anavyomfuta mtoto asiye wake, akaiwekea kidole, akasikiliza.

"Hapana," alisema, akainama kuchukua inayofuata.